Gari lililoyeyuka Eastcheap: uchambuzi wa jengo lililogeuka kioo cha moto

Tarehe 29 Agosti 2013 mtu mmoja aliegesha Jaguar XJ yake kwenye mtaa wa Eastcheap, katikati ya London, akaenda zake. Aliporudi alikuta saitimira imelegea na kupinda kama mshumaa ulioachwa juani, bodi imejikunja sehemu kadhaa, na nembo ya gari imeyeyuka. Hapakuwa na moto wala mtu aliyemwagia gari kitu. Upande wa kaskazini wa mtaa huo lilikuwa likimaliziwa jengo la vioo lenye urefu wa mita 160, na jua la mchana lilikuwa likilipiga usoni.

Siku chache baadaye mtaa ulijaa waandishi wa habari. Kinyozi wa jirani alionyesha zulia lililoungua. Waliofika na vipimajoto walisoma nyuzi joto 91, wengine 117. Mwandishi mmoja alikuja na kikaango, akavunja yai, na yai likaiva pale kwenye lami bila kiberiti. Wenye jengo walimlipa mwenye Jaguar pauni 946 za matengenezo, na nafasi tatu za maegesho zikafungwa.

Jengo lenyewe ni namba 20 Fenchurch Street, kazi ya msanifu Rafael Viñoly, mzaliwa wa Uruguay aliyefariki mwaka 2023. Ujenzi ulianza 2009. Kwa umbo ni jembamba chini na pana juu, kwa hiyo Waingereza walikwisha kulibandika jina la Walkie-Talkie, maana linafanana na redio koli ya askari iliyosimamishwa wima. Umbo hilo lina sababu ya kibiashara: ofisi za juu, zenye mandhari, hukodishwa kwa bei kubwa kuliko za chini, basi msanifu akaongeza eneo kule kwenye pesa. Ili sakafu za juu ziwe pana, ukuta wa kusini ukatoka nje kadiri unavyopanda, na uso wake ukabonyea.

Watu wengi wamelisimulia tukio hili kama kichekesho. Ninaliandika kama kisa cha fizikia, kwa sababu kila kilichotokea pale, tangu ukali wa joto hadi muda wa saa mbili kwa siku, kinapatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza akiwa na kikokotoo. Nitaipitia hatua kwa hatua, kisha nitaihamishia Dar es Salaam, ambako majengo ya vioo yanaota kila mwaka.

Kioo na kioo

Kiswahili kina neno moja kwa kidirisha unachochungulia nje na kwa kile unachojitazamia ukinyoa ndevu. Vyote ni kioo. Nimewahi kusikia mwalimu akilalamika kwamba huo ni upungufu wa lugha. Mimi naona lugha ilikuwa sahihi. Kipande cha kawaida cha kioo cha dirisha hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na kwa kuwa kina nyuso mbili, jumla ni kama asilimia 8 mwanga unapokuja moja kwa moja. Ukija kwa kuinama sana, kiasi kinachorudi hupanda. Ndiyo maana jioni dirisha la jirani huwaka kama taa ya mbele ya lori.

Vioo vya maofisi ya kisasa hupakwa tabaka jembamba la kupunguza jua, na tabaka hilo kwa makusudi hurudisha zaidi, kwa aina nyingi thuluthi moja au hata kupita hapo. Aliyeko ndani anashukuru kwa sababu kiyoyozi kinapumzika. Lakini joto lililokataliwa mlangoni halikufa, limetumwa nje. Yeyote aliyeishi jirani na nyumba iliyoezekwa bati jipya analijua hili: saa fulani ya siku, sebule yako inamulikwa na paa la mwenzio, nawe huna la kufanya ila kushusha pazia na kungoja bati lichakae.

Bati hilo linakera tu, haliunguzi, kwa kuwa ni bapa. Linarudisha mwanga kama ulivyokuja, miale ikiwa sambamba, na kila mahali panapata fungu moja. Shida inaanza uso unapobonyea. Chungulia kikombe cha bati chenye chai ya rangi, ukikaa karibu na dirisha lenye jua. Juu ya chai utaona mstari mkali wa mwanga uliojipinda, wenye ncha katikati. Ukingo wa kikombe umekusanya miale na kuirundika kwenye mstari huo. Eastcheap ilikuwa juu ya chai hiyo.

Digrii tano na nusu

Tuanze na ukuta uliosimama wima, unaotazama kusini. Mwishoni mwa Agosti, jua la adhuhuri London liko kwenye kimo cha karibu digrii 48 juu ya upeo, upande wa kusini. Mwale unaoushukia ukuta wima kwa digrii 48 unarudi nje ukiendelea kushuka kwa digrii 48 zilezile. Umbali utakaotua kutoka ukutani ni urefu wa kioo kutoka ardhini, ugawe kwa tanjenti ya 48, yaani 1.11. Kioo kilichoko mita 67 juu kinatupa mwanga wake mita 60 kutoka ukutani. Kilichoko mita 100 kinatupa mita 90. Kilichoko mita 130 kinatupa mita 117. Kila kioo kina mahali pake pa kumulika, na mtaa unapata mwanga wa ziada ulionyunyizwa sawasawa. Hakuna gari linaloyeyuka.

Sasa chukua kile kioo cha mita 100 ukiinamishe kidogo kuelekea ardhini, kama ukuta unaotoka nje kadiri unavyopanda. Kanuni ya uakisi inasema ukikigeuza kioo kwa pembe fulani, mwale unageuka kwa pembe hiyo mara mbili. Kiinamishe digrii 5.5 tu, kiasi cha sentimita 10 kwa kila mita ya ukuta, na mwale utashuka kwa digrii 59 badala ya 48. Gawa 100 kwa tanjenti ya 59: unapata mita 60. Kile cha mita 130 kiinamishe digrii 8.6, mwale unashuka kwa digrii 65, nao unatua mita 60 kutoka ukutani.

Rudia hesabu kwa macho: vioo vitatu vilivyopishana kwa urefu wa ghorofa kadhaa, ambavyo kwenye ukuta wima vingemulika sehemu tatu zilizo mbali mbali, sasa vinamulika palepale pamoja. Mwinamo wa kufanya hivyo ni mdogo kiasi kwamba mtu aliye chini huona ni pambo. Namba zangu ni za jengo la mfano, si vipimo vya Fenchurch Street, na nimeacha makusudi zile mita ambazo ukuta wenyewe unasogea mbele. Lakini ndivyo uso wa kusini wa jengo lile ulivyofanya kazi. Vidirisha vyake ni bapa kimoja kimoja. Ni mpangilio wao uliounda kioo mbonyeo, kama vigae bapa vinavyoweza kutandikwa ndani ya bakuli.

Vitabu vya shule husema fokasi ya kioo mbonyeo, yaani mahali miale inapokutana, iko kwenye nusu ya rediasi ya mpindo wake, na mwanafunzi hupewa kioo cha sentimita 20. Kwa mfano wangu hapo juu, mwinamo unabadilika digrii 5.5 ndani ya mita 33 za ukuta, yaani rediasi ya mita mia tatu na kitu. Nusu yake ni mia na hamsini na ushei, na mwanga unapokuja kwa kuinama fokasi inasogea karibu zaidi. Katikati ya mji, umbali wa namna hiyo kutoka ghorofa za juu unaishia barabarani. Kioo kidogo cha shuleni huunguza karatasi, hiki kikubwa kimepangwa na bahati mbaya kuunguza kilicho upande wa pili wa mtaa.

Joto lilifika wapi, na kwa nini halikuzidi

Jua si nukta. Tukilitazama kutoka duniani lina upana wa karibu nusu digrii, kwa hiyo mwale wowote ukisafiri mita 100 unakuwa umetanuka karibu mita moja. Kidirisha cha upana wa mita 1.5 kitaweka barabarani doa la kama mita 2.5, lenye kingo zilizofifia. Hii ndiyo sababu hakuna jengo la namna hii litakaloweza kukusanya jua kwenye nukta ya sindano, hata likijengwa kwa ufundi wa kupita kiasi.

Mwanga uliofika Eastcheap ulielezwa kuwa hadi mara sita ya jua la moja kwa moja. Kama kila kidirisha kinarudisha thuluthi, basi mara sita inahitaji madoa kama 18 yaliyorundikana mahali pamoja. Kwa ukuta wenye maelfu ya vidirisha, 18 ni wachache.

Jua la mchana usio na mawingu lina karibu wati 900 kwa kila mita ya mraba inayolitazama. Mara sita ni wati 5,400. Kitu cheusi kinachopokea kiasi hicho, kisichopoteza joto kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kung'aa kwake chenyewe, kingepanda hadi karibu nyuzi joto 280. Barabarani kuna upepo, kuna lami na zege vinavyonyonya joto, na doa halitulii. Ndiyo maana vipimajoto vilisoma 91 na 117. Plastiki nyingi za nje ya gari huanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi, na ute wa yai hushikana kabla ya 70. Namba zinakaa pamoja bila kulazimishwa.

Kwa wanaodhani hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote: kule Odeillo, kwenye milima ya Pyrenees nchini Ufaransa, kuna tanuri la jua lenye kioo mbonyeo cha mita 54 kwa 48, linalolishwa na vioo bapa 63 vilivyo mlimani mbele yake. Hilo hufikisha zaidi ya nyuzi joto 3,000, na limejengwa kwa kusudi hilo. Tofauti ya Odeillo na Fenchurch Street ni umbo, usahihi na mng'ao wa vioo. Fizikia ni moja.

Saa mbili kwa siku, wiki mbili au tatu

Wenye jengo walitoa taarifa kwamba tatizo linadumu karibu saa mbili kwa siku, na kwamba lingeendelea kwa wiki mbili au tatu. Wasomaji wengi walidhani huo ni utetezi wa kampuni. Nilipoifanya hesabu nilikuta taarifa ni ya kweli, na hapa ndipo panaponivutia kuliko yai.

Latitudo ya London ni digrii 51.5 kaskazini. Tarehe 29 Agosti jua la adhuhuri, ambayo huko kwa saa za kiangazi huangukia karibu saa saba mchana, linafika digrii 48. Saa moja kabla na saa moja baada, liko digrii 46. Kwa muda wa saa mbili nzima kimo kinacheza ndani ya digrii mbili tu, kwa sababu jua liko kileleni mwa upinde wake na linakwenda pembeni zaidi kuliko juu na chini. Fokasi ya jengo inategemea kimo. Kimo kikitulia, fokasi inatulia kwenye umbali uleule kutoka ukutani.

Lakini jua linasafiri kuelekea magharibi, kwa hiyo doa linateleza kuelekea mashariki. Kwa umbali wa mita 100 linasogea kama mita 1.7 kila dakika 4. Eastcheap inakwenda mashariki na magharibi, sambamba na ukuta. Doa likaufuata mtaa kama mtu anayetembea kando ya maduka akiangalia bei, likapita kwenye zulia la kinyozi, likapita kwenye magari. Gari la mita 5 linachukua zaidi ya dakika 10 kupitiwa. Kama barabara ingekuwa imekata upande mwingine, doa lingevuka lami kwa muda mfupi zaidi na pengine tusingepata kisa cha kusimulia.

Wiki mbili au tatu nazo zina hesabu yake. Kipindi hicho cha mwaka jua la adhuhuri hushuka zaidi kidogo ya thuluthi ya digrii kila siku, yaani digrii 7 au 8 kwa wiki tatu. Hapo miale imeshahama mtaa. Na kwa kuwa jua la adhuhuri hupita kimo kilekile mara mbili kwa mwaka, likipanda na likishuka, tarehe inayolingana na mwisho wa Agosti ni katikati ya Aprili. Hakuna ubishi wa kisheria unaoweza kuibadilisha tarehe hiyo.

Waliojua

Viñoly alihojiwa na magazeti Septemba hiyo hiyo, na alisema mambo mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kisa. La kwanza, mchoro wa awali ulikuwa na mapezi, yaani vibao vinavyochomoza ukutani kukinga jua, upande wa kusini, yakaondolewa kupunguza gharama. La pili, tatizo lilionekana wakati wa usanifu, wakakadiria joto litafika nyuzi 36, likaja kuwa kama 72. Aliongeza kwamba hapakuwa na programu nzuri ya kulikokotoa, na kwamba London haikuwa na jua namna hii alipoanza kuijua.

Tuanze na 36 dhidi ya 72. Msomaji wa haraka atasema wamekosea mara mbili. Wamekosea zaidi ya hapo. Kipimo cha Selsiasi hakianzii kwenye hewa ya mtaani. Tuseme hewa ilikuwa nyuzi 25. Makadirio yao ni nyuzi 11 juu ya hewa, kilichotokea ni nyuzi 47 juu ya hewa. Kwa nishati iliyofika barabarani, hilo ni kosa la zaidi ya mara nne. Na kama tutachukua zile 117 zilizopimwa, tuko mara nane. Mhandisi anayeletewa namba ya joto bila kuambiwa limepanda kutoka wapi hajaletewa kitu.

Kuhusu programu, nina shaka. Mwaka una saa 8,760, nusu yake ni mchana, yaani 4,380. Ukuta ukiwa na vidirisha 5,000, kufuata mwale mmoja kwa kila kidirisha kwa kila saa ya mchana ni miale milioni 22. Kompyuta ya mkononi ya miaka hiyo ilikuwa na uwezo wa kuimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Ugumu haukuwa wa mashine. Kazi hiyo lazima iwe na mwenyewe. Msanifu huchora umbo, mhandisi wa miundo huhesabu uzito na upepo, mhandisi wa viyoyozi huhesabu joto linaloingia. Joto linalotoka na kwenda kwa jirani halina fundi wake kwenye mkataba.

Na onyo lilikuwapo. Mwaka 2010 hoteli ya Vdara huko Las Vegas, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2009, ilikuwa tayari imeunguza nywele za mgeni mmoja kando ya bwawa na kutoboa mfuko wake wa plastiki. Ukuta wa hoteli hiyo unaotazama kusini umebonyea, na msanifu wake ni Viñoly huyo huyo. Kabla ya hapo, ukumbi wa muziki wa Walt Disney mjini Los Angeles, kazi ya Frank Gehry iliyofunguliwa 2003, ulikuwa na sehemu ya chuma cha pua kilichong'arishwa sana, ikawatia joto majirani wa maghorofa ya karibu. Dawa yake ilikuwa ya kifundi kabisa: mwaka 2005 mafundi walikwangua mng'ao kwa msasa. Chuma kilichokwanguliwa bado kinarudisha mwanga, ila kinautawanya kila upande, na fokasi inakufa.

Sitaki kumtwisha msanifu peke yake. Mapezi hayaondolewi na mchoraji, yanaondolewa kwenye kikao ambacho mtu anasoma orodha ya gharama na kuuliza hili ni la nini. Kama jibu ni kwamba yanapendeza, yatafutwa. Jibu lilipaswa kuwa nyuzi joto 117.

Mapezi yalirudi

Dawa ya haraka Septemba 2013 ilikuwa kiunzi chenye wavu mbele ya maduka, kirefu kiasi cha kupokea doa kabla halijafika kwa watu. Mwaka 2014 yakafungwa mapezi ya kudumu ya aluminiamu, ya mlalo, kwenye uso wa kusini. Yaani kile kilichofutwa kwenye karatasi kilirudishwa kikiwa cha kupandishwa kwa kamba kwenye jengo lililokwisha.

Pezi la mlalo lina ujanja ambao watu hawauoni mara moja: linafanya kazi mara mbili. Kwanza linaweka kivuli kwenye kioo kilicho chini yake. Pili, mwanga uliofanikiwa kupita na kugonga kioo, ukirudi nje unashuka, na unakutana na pezi la chini kabla haujatoka. Chora kwenye karatasi utaona kwamba mwanga wote unafungwa ikiwa pengo kati ya pezi na pezi halizidi mara mbili ya urefu wa pezi kutoka ukutani, zidisha kwa tanjenti ya kimo cha jua. Kwa digrii 48, pezi la sentimita 50 linatosha kwa pengo la mita 1.11. Na wala huhitaji kufunga mwanga wote. Ukifunga robo tatu, yale madoa 18 yanabaki manne na nusu, na mtaa unapata mara moja na nusu ya jua badala ya mara sita. Hapo watu watakunja uso, lakini nembo ya gari itabaki nembo.

Jengo lenyewe halikupata pumziko. Mwaka 2015 jarida moja la usanifu la Uingereza lililipa tuzo ya kila mwaka ya jengo baya kuliko yote, Carbuncle Cup, na mwaka huohuo wapita njia walilalamikia upepo mkali unaoshushwa na ukuta wake hadi chini. Hilo ni somo jingine la fizikia na sitaliingia.

Hesabu hiyohiyo Dar es Salaam

Kosa rahisi ni kusema sisi tuna jua kali zaidi, kwa hiyo hatari yetu ni kubwa zaidi. Jiometri inasema mambo ni tofauti.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri huwa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, siku ambazo kivuli cha mlingoti kinaishia miguuni pake. Likienda kaskazini kabisa, mwezi Juni, linashuka hadi digrii 60. Likienda kusini kabisa, Desemba, ni digrii 73. Kamwe halifiki 48 wakati wa adhuhuri. Uakisi wa mchana hapa hutua karibu na ukuta. Na ukuta ulioinama nje kama ule wa Fenchurch Street, jua la utosini haliugusi kabisa, kwa sababu unajikinga wenyewe. Desemba, kidirisha kilichoinama digrii 8.6 upande wa kusini kingerudisha mwale wima kabisa, chini kwenye ngazi za mlango wake mwenyewe. Angeungua mwenye nyumba kabla ya jirani.

Hatari yetu iko mashariki na magharibi. Kila asubuhi kati ya saa tatu na saa nne unusu, na kila alasiri kati ya saa nane na saa tisa unusu, jua la Dar hupita kwenye digrii 48. London, mwishoni mwa Agosti, jua hukipata kimo hicho likiwa kileleni, likitembea pembeni. Hapa hukipata likiwa linapanda au kushuka mbio, kwa miezi mingi karibu digrii moja kila dakika 4. Doa halitelezi kando ya mtaa kwa saa mbili. Asubuhi linakimbilia ukutani, alasiri linaukimbia, na kadiri linavyosogea ndivyo madoa yanavyoachana. Gari lililoegeshwa linaweza kupona kwa sababu hiyo tu.

Upande mbaya wa shilingi ni kwamba kwetu haliishi baada ya wiki tatu. London jua hukigusa kimo kile likiwa kileleni siku chache tu za Agosti na Aprili. Dar hukigusa kila siku ya mwaka, mara mbili kwa siku, na kinachobadilika ni upande linapotokea tu. Ukuta uliobonyea unaotazama magharibi ungemulika umbali uleule kwa miezi, kila alasiri, muda mfupi mfupi. Kwa plastiki ya gari hilo ni afadhali. Kwa mama ntilie ambaye meza yake iko palepale kila siku, au dereva wa bajaji anayesubiri abiria kwenye kituo kilekile, sioni uafadhali wowote.

Kwa hiyo mchoro wa jengo la vioo ukipita mezani kwangu, ninauliza maswali kwa mpangilio huu. Je, kuna uso wowote uliobonyea, hata kidogo, juu hadi chini au kushoto hadi kulia? Kama hakuna, tunazungumzia mwangaza unaokera madereva tu. Kama upo, unatazama wapi, na jua linapofika kwenye kimo kipi miale ya ghorofa za juu na za kati inakutana? Kisha naomba jedwali la saa kwa saa la nguvu ya mwanga ardhini, kwa wati kwa mita ya mraba na si kwa nyuzi joto. Nguvu inayofika haijali hewa ilikuwa baridi au vuguvugu siku ile.

Na mapezi yaachwe. Katikati ya Dar es Salaam kuna majengo ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyovishwa mapezi ya zege nje ya madirisha, enzi ambazo kiyoyozi kilikuwa cha wachache. Njiwa hulala juu yake na vijana huyaona ya kizamani. Siku ukipita na futi ya fundi mfukoni, pima moja. Tuseme limetoka sentimita 60 na pengo hadi la chini yake ni sentimita 120. Mara mbili ya 60, zidisha kwa 1.11, ni 133. Pengo ni 120. Linafunga.